Tope la Rangi ya Mlango

11 Januari 1986

Kwako Kifaranga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ila shemeji yako mwalimu ameanza tena kukohoa chaki, na macho ya Baba yanazidi kumtania. Juzi amelisalimia koti langu lililotundikwa ukutani, tena kwa heshima zote, akalalamika kuwa haliitikii. Mimi niko na cherehani yangu na sare arobaini za shule zinazotakiwa jana.

Sasa la maana. Jumanne watu wa makumbusho yenu wamekuja na gari, wakaishusha Picha ya Mlima pale ukumbini. Miaka thelathini Baba alikuwa mtunza ukumbi, akichora mabango yake na kufagia chini ya mlima ule unaoshuka na kuufukia mtaa wa juu, na hata baada ya kustaafu hapiti siku mbili bila kwenda kuutazama. Aliishika fremu mpaka mlangoni, wakalazimika kumwomba aiachie. Walisema mnaandaa maonyesho, na kwamba wapima ardhi nao wanataka kuiona, maana mwezi uliopita kipande cha mlima kimeporomoka tena kule juu. Hakikuua mtu, lakini watu hawalali vizuri.

Kumbe wewe ndiye utakayeisafisha! Baba amewatangazia hadi wauza mkaa. "Mwanangu anaitibu." Mimi niliyemshonea suruali aliyokuwa amevaa akiyasema hayo sikutajwa.

Ipanguse vumbi uirudishe. Usiisugue sana. Picha ya zamani ni kama kitambaa cha zamani, ukikifua mno unabaki na nyuzi.

Dada yako,
Jemadari


2 Februari 1986

Dada Jemadari,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua yako, hata ile sehemu ya suruali. Mimi mzima. Chumba changu bado ni ghorofa ya tatu, bomba bado linapiga kelele kuliko kutoa maji, na mama mwenye nyumba bado ananiuliza nitaolewa lini, kana kwamba nina tarehe niliyomficha.

Picha imefika salama. Imelala kwenye meza ndefu ya chumba cha matengenezo, karibu na nyingine nne za maonyesho, zote za milima iliyoshuka. Nashinda na maporomoko matano ya watu waliokufa zamani. Katika moja mlima una mdomo kama fisi. Katika nyingine nyumba zinabebwa na tope zikiwa zimesimama wima, moshi bado unatoka jikoni. Kuna mama anakimbia na nywele zimechanwa vizuri. Mkuu wangu, tunayemwita Miwani, anasema wachoraji wengi hawakuliona tukio lenyewe. Walifika baadaye, wakasimuliwa, wakaogopa kwa niaba ya wengine. Ya kwetu ndiyo anayoiheshimu. Mchoraji wake alifika mwezi mmoja baada ya msiba, lakini alipima kila kitu kwa hatua: daraja la mawe, kisima, kona ya barabara. Ndiyo maana wapima ardhi wanaitaka.

Nikuulize kitu. Hivi hapakuwa na msichana kwenye picha ile? Nakumbuka nilikuwa na miaka sita, Baba akaninyanyua, nikamwona msichana mwenye gauni la njano karibu na daraja. Nimemtafuta kwa kioo cha kukuzia. Pale alipokuwa naona tope tu.

Halafu, mlete Baba. Hospitali ya macho iko ng'ambo ya barabara yetu. Akae nami hata mwaka.

Mdogo wako,
Kifaranga


20 Machi 1986

Kifaranga,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Mkanda wa cherehani ulikatika, kisha sare, kisha shemeji yako akalazwa siku tatu, sasa ametoka na anakunywa dawa kwa kununa. Mvua ni nyingi. Fundi baiskeli wa jirani anakusalimu, anasema ukirudi atakurekebishia ile baiskeli uliyoiangusha mtoni mwaka ule. Mimi nilipigwa kwa ajili ya baiskeli hiyo, lakini tuyaache.

Kuhusu uliyoniuliza, watoto huota mengi.

Baba haji. Baba si kifurushi cha kuwekwa kwenye basi. Anajua nyumba hii kwa vidole: ngazi tatu, mlango, kiti chake kibarazani. Huko kwako atajikwaa kwenye lile bomba lako. Na nani atakaa naye wakati wewe unatibu milima? Jioni tunakaa pamoja, namsomea gazeti, ananisahihisha matamshi. Ndiyo maisha yake. Hata hivyo kila nikifunga gazeti anauliza, "Kifaranga ameandika?" Mwenye kusoma hasifiwi, anasifiwa mwenye kuandika.

Niambie, hivi mnasafishaje hizo picha? Mnapangusa juu juu, au mnaingia ndani? Nauliza tu, Baba anapenda kujua.

Jemadari


6 Aprili 1986

Dada,

Shikamoo. Poleni na maradhi ya shemeji.

Mwambie Baba hivi. Tunazungusha pamba kwenye kijiti, tunailowesha dawa, tunaiviringisha juu ya picha sehemu ndogo kama ukucha. Pamba ikitoka na uchafu tunaitupa, ikitoka na rangi tunasimama. Kabla ya hapo tunazima taa na kuimulika picha kwa taa ya zambarau. Vanishi ya zamani hung'aa kijani, na chochote kilichopakwa juu yake baadaye hubaki cheusi. Taa ile haina adabu, inasema kila kitu. Upande wa kulia nimemaliza. Upande wa kushoto, karibu na daraja, bado sijaugusa.

Wapima ardhi walikuja wiki iliyopita. Walipiga picha, wakachora mstari wa tope kutoka kileleni mpaka lilipoishia. Waliuliza maswali machache tu. Nilijibu niliyoulizwa.

Dada, umeniudhi. Unanihesabia salamu za Baba kana kwamba nimekuibia. Mimi nimekulia ndani ya nguo zako. Kila kitu kilinifikia kimeshachoka: viatu, daftari zenye majibu yako, hata gauni la njano lilifika na mfuko mmoja wa buluu kulia, na kushoto alama za mishono tu. Una kibaraza, una jioni, una mikono yake begani mwako akipanda ngazi. Mimi nina dakika moja tu, ile aliyoninyanyua mbele ya picha, na sasa unaniambia niliota. Naona wivu, nalisema wazi. Kila jioni saa kumi na mbili naona wivu.

Nimenunua kitanda cha pili. Kipo tu, kinamngoja.

Kifaranga


25 Mei 1986

Mdogo wangu,

Hata salamu leo nazisahau. Hatujambo, tushukuru, lakini maji yametufika shingoni.

Jumatano bwana mpima amekuja mtaani na vijana wake na ndoo ya rangi nyekundu. Wameweka alama ya X kwenye nyumba kumi na moja kuanzia darajani. Ya kwetu ni ya tatu. Ya fundi baiskeli, ya mjane anayeoka mikate, zote. Tunatakiwa kuhama kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, maana mlima ukishuka tena utapita pale pale ulipopita zamani. Nilimuuliza nani kasema ulipita hapa. Akanitolea nakala ya Picha ya Mlima, akanionyesha kwa kalamu ulimi wa tope unaoshuka kushoto mpaka darajani.

Baba aliipapasa ile X ukutani, rangi ikamshika vidoleni. Akamwambia, "Bwana mkubwa, tope halikufika hapa. Bibi yangu alikuwa anaanika nguo hapa hapa siku hiyo." Yule bwana akamjibu kwa upole, "Mzee, watu husahau. Picha haina sababu ya kudanganya."

Mjane wa mikate hajawasha tanuri siku tatu. Anakaa mbele yake tu.

Sasa wewe uko hapo hapo na hiyo picha. Waambie mchoraji alitia chumvi. Si umeniambia mwenyewe kwamba wachoraji wa zamani walikuwa wanasimuliwa tu? Waambie ulimi ule si wa kuaminika. Wewe ni mtaalamu, watakusikiliza. Fanya haraka.

Jemadari


3 Juni 1986

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako jana.

Naweza kuwaambia mchoraji alitia chumvi. Wataniuliza, mchoraji yupi?

Ulimi ule hauko kwenye picha ya kwanza. Chini ya taa ni mweusi kama masizi. Ni rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva, ya kupakia mbao. Milango ya ukumbi wetu ilikuwa na rangi hiyo nilipokuwa mdogo, niliichuna kwa kucha nikimngoja Baba afunge.

Nikiandika kwamba ni rangi ya baadaye, kamati itataka kujua nani aliipaka na lini, la sivyo watasema ni fundi wa zamani aliyerudishia kilichokuwepo, na alama zitabaki. Lazima asimame mtu aseme.

Nangoja.

Kifaranga


12 Juni 1986

Kifaranga,

Nianze na salamu za Baba, ambaye hajui ninaandika nini. Shemeji yako hajambo. Basi, salamu zimekwisha, sasa nikae sawa.

Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi nilifagia ukumbi pamoja na Baba, yeye upande huu mimi upande ule. Tangu nikiwa na miaka saba, Kifaranga. Hakuwahi kuninyanyua nione chochote. Siku ile ulikuja kwa mara ya kwanza, umevaa lile gauni la njano, akakunyanyua mpaka kwenye fremu. Nikamsikia: "Umemwona? Gauni hilo hilo." Nami nimesimama nyuma yenu na fagio. Msichana yule nilikuwa namwona kwa mbali miaka yote, sikuwahi kumjali. Sasa nikajua ni nani. Baba, alipoitengeneza picha ile zamani, alimwongeza mtoto wake kwenye picha ya mji mzima, na mtoto mwenyewe si mimi.

Kesho yake, Jumapili, nilichukua ufunguo kwenye msumari. Kopo la rangi ya milango lilikuwa stoo. Nilipandisha kiti juu ya meza. Sikutaka ionekane kuwa ni mkono wa mtu, kwa hiyo nilianzia kwenye poromoko la kweli kulia, nikalivuta polepole kwenda kushoto mpaka darajani, ili ionekane limefika lenyewe. Gauni nililifunika mwisho, nimefumba macho nusu. Watu husema fulani kampaka mwenziwe matope. Mimi nilikupaka kweli, kwa brashi ya inchi mbili.

Baba aliona Jumatatu. Aliitazama, akachukua fagio akaendelea na kazi. Nilingoja kipigo wiki nzima, nikakosa hata hicho.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na majirani kumi. Nitakwenda ofisini kwa bwana mpima na kusema haya kwa mdomo wangu.

Lakini na wewe nikuulize. Rangi ya mlango uliijua lini? Wapimaji walipokuja kwako, ulikuwa umeshaijua?

Jemadari


30 Juni 1986

Dada yangu,

Shikamoo, na mimi safari hii naisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

Niliijua tarehe kumi Februari. Wapimaji walikuja mwisho wa Machi. Nilisimama kando yao walipochora mstari, nikaona kalamu inashuka mpaka darajani, nikajua inaishia kwenye kibaraza chako. Nilinyamaza. Niliwaza: nyumba ikiwekwa alama, Baba atakuja kwangu. Kitanda nilikinunua wiki ile ile. Nyumba nyingine kumi sikuziwaza hata kidogo, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Nimemweleza Miwani kila kitu. Alivua miwani, nikaona kumbe ana macho madogo. Nimepewa barua ya onyo, na jina langu limeondolewa kwenye kitabu cha maonyesho. Lakini ripoti imekwenda kwa wapimaji pamoja na barua yako, na ulimi nimeuondoa kwa mkono wangu. Imechukua siku nne. Rangi ya milango ya Baba ni ngumu, Dada, angejivuna.

Chini yake nimemkuta. Anakimbia kuelekea darajani, mguu mmoja juu, urefu wake hauzidi kidole gumba. Ni mkono wa Baba, herufi zake za kwenye mabango na watu wake ni wale wale, mabega mapana. Gauni la njano. Nilifurahi mpaka nikamwita Miwani. Kisha nikaleta kioo.

Gauni lina mifuko miwili ya buluu.

Nilikuwa peke yangu mezani nilipoiona. Niliweka pamba chini, nikaenda kunawa mikono, nikarudi, bado ni miwili. Ningeweza kunyamaza tena, mazoezi ninayo. Lakini gauni langu lilikuwa na mfuko mmoja, unajua. Nimekumbuka pia kwamba Baba aliitengeneza picha ile mwaka ambao paa la ukumbi lilivuja, na Mama alikuwa akisema nilizaliwa mwaka wa paa. Nilikuwa nanyonya, Dada. Mtoto wa kukimbia na gauni mwaka ule alikuwa mmoja tu nyumbani kwetu.

Si mimi. Ni wewe. Ulijipaka mwenyewe.

Naandika haya na roho inauma, maana dakika moja niliyokuwa nayo nimeikabidhi kwako. Furahi, lakini usifurahi sana.

Kamati imeamua msichana naye aondolewe. Kanuni ni kuacha alichoweka mchoraji wa kwanza tu. Nimeomba wiki sita. Ukisema nimpiganie, nitampigania, ingawa sasa hivi sauti yangu hapa si kubwa. Picha yake iko ndani ya bahasha.

Kifaranga


19 Julai 1986

Mdogo wangu Kifaranga,

Marahaba, na inua kichwa, utaumia shingo. Hapa tuko salama. Alama zimefutwa kwenye nyumba zote kumi na moja, ingawa ukiangalia vizuri bado unaona wekundu. Nilikwenda ofisini, nikasema, nikatia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unaniita Mama Maporomoko. Mjane wa mikate hakuniangalia kwa wiki moja, kisha akaniletea mkate uliopinda upande, akasema, "Huu umeporomoka, utakufaa." Tumecheka mpaka nikalia.

Kulia nilikuwa nimeshaanza siku ya bahasha yako. Nilikaa dirishani na picha ile na kioo cha shemeji yako. Mifuko miwili. Wa kushoto niliukata mimi nikiwa na miaka tisa, nikamfanyia mwanasesere blanketi, Mama akaninyima chakula cha jioni. Mimi fundi wa nguo, Kifaranga! Naweza kukuambia kola ya mtu imeshonwa na nani kutoka ng'ambo ya barabara, na gauni langu mwenyewe sikulitambua. Nililiona mwilini mwako, basi likawa lako. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimelivua.

Nilimweleza Baba kibarazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rangi ya milango yangu nisiijue?"

"Sasa mbona hukusema kitu, Baba?"

"Nilidhani umekua, unaona haya kuchorwa kitoto. Mtu akijifuta mwenyewe, baba yake amfanyeje?"

Miaka ishirini na minane alikuwa anadhani nimemkataa yeye. Nikamuuliza kwa nini basi alikunyanyua wewe. Akashangaa swali. "Alitaka kumwona dada yake. Aliuliza ulikuwaje ulipokuwa mdogo kama yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Hukumbuki, na mimi sikujua. Akaongeza kwamba ulikuwa mwepesi, na kwamba mikono yake hadi leo inaujua uzito wako. Hilo nimekuandikia kwa shingo upande, lakini nimekuandikia.

Msichana mfute. Baba hawezi kumwona tena hata akirudi ukutani, na mimi nimeshamwona. Ila umfute wewe, usimpe mtu mwingine. Na uanze na miguu, uso uwe wa mwisho.

Baba anakuja kwako tarehe tatu Agosti. Miezi miwili. Nimesema miwili. Kitanda kisogeze mbali na bomba, asubuhi mpe chai kabla ya maneno, na ukimsomea gazeti usikasirike akikusahihisha. Jioni saa kumi na mbili nitakuwa kibarazani na kiti kitupu, nikuonee wivu kwa zamu yangu.

Ndani ya begi lake kuna gauni la njano. Vipimo nimekisia, mifuko ni ya buluu. Ni jipya, la kwako, hakuna aliyelivaa kabla yako. Sawa, nimelivaa mara moja tu, mbele ya kioo, dakika tano. Mifuko yote miwili ipo, nimehesabu kabla ya kufunga.

Dada yako